Giza Si Dawa ya Usingizi

Miongoni mwa madai yanayokubaliwa siku hizi bila kuulizwa ushahidi, limo lile lisemalo kwamba umeme ndio ulioiba usingizi wa binadamu. Kwa mujibu wa dai hilo, mababu walilala na kuku na kuamka na jogoo, wakapata saa nane au tisa za usingizi mzito kila usiku, hadi ilipoingia taa ya umeme, na baada yake televisheni na simu, vikaurefusha mchana kwa nguvu na kuuacha mwili ukidhoofika. Dai hilo husikika katika vipindi vya afya vya redio, katika mawaidha, na katika ushauri unaosambazwa kwa simu zile zile zinazolaumiwa. Na mahali kama Bujumbura, ambako mgao wa umeme ni jambo la kawaida, hujitokeza kwa sura ya pili, kwamba nchi isiyo na umeme wa kutosha imejaliwa angalau neema moja, nayo ni usingizi. Makala haya yanalipinga dai hilo katika sura zake zote mbili. Yanashikilia kwamba mwanga una nguvu kubwa juu ya mwili, lakini nguvu hiyo ni ya kupanga wakati wa usingizi, wala haiamui peke yake wingi wake. Na kwamba anayemshauri mkazi wa Jabe azime taa na kulishukuru giza humwonyesha mwizi asiye ndiye, huku wezi wenyewe wakiendelea na kazi yao.

Jabe ni mahali pafaapo kulipima dai hilo. Ni mtaa ulio katika eneo la Bwiza mjini Bujumbura, jirani na Buyenzi, ambamo Kiswahili ni lugha ya kila siku na ambamo soko, karakana, nyumba za kulala na sehemu za vinywaji vimebanana. Kitaifa, takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye anayepata umeme nchini Burundi, na ingawa sehemu kubwa ya umeme huo hutumiwa Bujumbura, mteja wa Regideso, yaani shirika la serikali la maji na umeme, amezoea kuuona ukikatika na kurudi. Chumba kimoja, ndani ya usiku mmoja, huweza kuangazwa na balbu nyeupe ya LED, kisha na mshumaa, kisha na kioo cha simu, kisha kikabaki gizani. Mkazi wa mtaa huo, kwa hiyo, huishi katika hali zote mbili ambazo wanaosifu giza hupenda kuzilinganisha, tena mara nyingi ndani ya wiki moja, na ushauri unaotolewa bila kuitazama hali hiyo haumfai.

Haki ya upande wa pili itolewe kwanza, kwa kuwa dai hilo halikuzuka hewani. Mwaka 1729 mwanasayansi Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alieleza kwamba mmea wa jamii ya kifauwongo uliofungiwa gizani uliendelea kufungua majani yake mchana na kuyafunga usiku, ishara kwamba viumbe hai hubeba ndani yao kipimo cha muda kisichongoja kuambiwa na jua. Katika binadamu kipimo hicho, kiitwacho saa ya mwili, huongozwa na kundi dogo la seli za neva, elfu ishirini hivi, lililo ndani ya ubongo juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana. Nalo ndilo linaloratibu kupanda na kushuka kwa joto la mwili, njaa, shinikizo la damu na utolewaji wa homoni. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake walionyesha kwamba saa hiyo, ikiachwa peke yake, huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kwa dakika kumi hivi, kwa hiyo huhitaji kurekebishwa kila siku, na kirekebishi chake kikuu ni mwanga. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kufichua, katika nzi wadogo wa matunda, namna jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya seli.

Mwanga huifikia saa hiyo kupitia jicho, lakini kwa njia iliyo mbali na ile ya kuona vitu. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walieleza kwamba katika retina, utando ulio nyuma ya jicho, zimo seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo hazishughuliki na sura wala rangi za vitu bali hupima kama nje kuna mchana, na ambazo huamshwa zaidi na mwanga wa buluu. Zikipokea mwanga wa kutosha usiku, ubongo hupunguza utoaji wa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kiasi cha mwanga hupimwa kwa luksi, kizio cha mwanga unaoangukia juu ya uso fulani: mwezi mpevu hautoi hata luksi moja, chumba kidogo chenye balbu nzuri huwa na luksi mia moja au mbili, na jua kali la mchana huko nje hufikia luksi laki moja. Jaribio la Alfred Lewy na wenzake la mwaka 1980 lilihitaji luksi 2,500 kuizima melatonini, ikadhaniwa kwamba balbu ya nyumbani haina neno. Lakini utafiti wa kundi la Andrew Phillips na Sean Cain wa Australia, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba kwa wastani luksi 25 tu zilitosha kuipunguza melatonini kwa nusu, huku tofauti baina ya mtu na mtu ikizidi mara hamsini. Taa ya nyumbani, basi, inaufikia mwili, na anayekana hilo anakana jambo lililopimwa.

Kosa linaanza pale ukweli huo unapotumiwa kuthibitisha jambo jingine. Kusema kwamba mwanga huisogeza saa ya mwili ni kusema kwamba hubadilisha wakati ambao usingizi huja. Hakuthibitishi kwamba pasipo taa usingizi huwa mrefu, wala kwamba zamani ulikuwa mrefu. Hilo la mwisho ni dai la historia, na ushahidi wake ungepaswa kuonekana kwa watu ambao hadi leo wanaishi bila umeme. Ushahidi huo umetafutwa, tena Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya watu wazima 94 kutoka jamii tatu zisizotumia umeme, yaani Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ambao walivalishwa mkononi vifaa vinavyorekodi mwendo na mwanga. Usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na saa 7.1 kwa usiku, kiasi ambacho katika mji wowote wenye taa kingehesabiwa kuwa cha kawaida au pungufu. Wala hawakulala na kuku, kwa sababu kwa wastani usingizi uliwachukua zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, ilhali mioto yao ya jioni haikutoa hata luksi tano.

Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha vipimo vingine vya Wahadza, wakaripoti usingizi wa saa sita na robo hivi, tena wa kukatikakatika, ambao daktari wa mjini angeuita mbovu. Na katika kundi la watu wazima 33 waliofuatiliwa kwa siku ishirini, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja hazikuzidi kumi na nane. Lakini mdundo wa saa yao ya mwili, yaani tofauti baina ya harakati za mchana na utulivu wa usiku, ulikuwa imara, na utafiti wa Yetish ulikuta kwamba watu wanaolalamikia kukosa usingizi kwa muda mrefu walikuwa wachache sana miongoni mwa waliohojiwa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: maisha ya jua na moto huwapa watu utaratibu, hayawapi saa nyingi za kulala. Hata maumbile yenyewe hupunguza usingizi yanapotaka. Kundi la Leandro Casiraghi na Horacio de la Iglesia lilionyesha mwaka 2021 kwamba miongoni mwa Watoba wa kaskazini mwa Argentina watu huchelewa kulala na hulala kwa muda mfupi zaidi katika siku zinazotangulia mwezi mpevu, wakati mbalamwezi inapoangaza tangu jioni, na kwamba ndani ya mwezi mmoja muda wa usingizi hupanda na kushuka kwa dakika 46 hadi 58. Ikiwa mwanga wa mbinguni nao huchukua karibu saa nzima, basi hadithi ya usiku mtulivu uliovurugwa na waya wa umeme haina pa kusimama.

Wanaolaumu taa wana hoja moja nzito, nayo haifai kupitwa kimya. Miongoni mwa Watoba hao hao, de la Iglesia na wenzake walilinganisha mwaka 2015 jamii mbili zenye asili na desturi moja, moja ikiwa na umeme na nyingine haina, wakakuta kwamba wenye umeme walilala pungufu kwa kadiri ya dakika 40 hadi saa moja. Huo ni upungufu wa kweli. Ila namna ulivyotokea ndiyo inayofundisha: wenye umeme walichelewa kulala, lakini saa ya kuamka haikusogea kwa kadiri hiyo hiyo. Mwanga wa jioni uliisukuma mbele nusu moja tu ya usiku. Nusu ya pili ilizuiwa na asubuhi na majukumu yake. Usingizi hupungua pale nguvu mbili zinapokutana, moja ikichelewesha mwanzo na nyingine ikikataa kusogeza mwisho, na mwenye kutaka kuuongeza hana budi kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo rahisi kubadilishwa na iliyo halali kulaumiwa.

Ziwa Tanganyika linaonyesha waziwazi nguvu hiyo ya pili. Miji ya ufukweni ya Bujumbura na Kigoma iko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo jua huwachomozea wakazi wake karibu kwa wakati mmoja. Lakini Burundi hufuata majira ya Afrika ya Kati na Tanzania majira ya Afrika Mashariki, yaliyo mbele kwa saa moja. Mjini Bujumbura jua huwa utosini karibu na saa sita kamili ya mchana, na kwa kuwa mji uko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Mjini Kigoma huwa utosini karibu na saa saba na huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Mtoto wa Kigoma anayetakiwa darasani saa moja na nusu huamshwa gizani, na giza hilo halikuletwa na taa yoyote bali na saa iliyopangwa kisheria. Nchini Marekani Osea Giuntella na Fabrizio Mazzonna walipima jambo la namna hiyo, wakachapisha mwaka 2019 kwamba wakazi wa upande wa mpaka wa majira ambako jua huzama saa moja baadaye kwa saa ya ukutani hulala pungufu kwa wastani wa dakika 19, kwa sababu kazi na shule haziwasubiri. Mwanga uliowapunguzia usingizi ni wa jua, na uliweza kufanya hivyo kwa kuwa asubuhi yao ilikuwa imefungwa.

Simu nayo imebebeshwa mzigo uliozidi uzito wake. Utafiti unaotajwa mara nyingi dhidi yake ni ule wa Anne-Marie Chang na wenzake wa mwaka 2015, ambamo watu 12 walisoma kwa kifaa chenye kioo kinachong'aa kwa saa nne kabla ya kulala, usiku tano mfululizo, wakalinganishwa na walivyokuwa waliposoma kitabu cha karatasi. Saa yao ya mwili ilichelewa kwa saa moja na nusu, jambo lisilo dogo, lakini usingizi wenyewe ulichelewa kwa dakika kumi tu. Na jambo linaloachwa kusimuliwa ni kwamba washiriki hao walikuwa wameishi maabarani, katika mwanga hafifu, mchana kutwa. Mwaka mmoja baadaye Frida Rångtell na wenzake wa Uppsala, Sweden, waliwaweka watu katika mwanga mkali kwa saa sita na nusu kabla ya kuwapa kifaa cha kusomea kwa saa mbili za jioni, wakakuta kwamba melatonini yao haikutofautiana na ya waliosoma karatasi. Kioo kilifanana na kile cha mwanzo. Kilichotofautiana, mbali na muda wa kusoma, ni mchana uliokitangulia.

Tokeo hilo linaungwa mkono na la Kenneth Wright na wenzake, ambao mwaka 2013 waliwapeleka watu wanane kupiga kambi katika milima ya Colorado kwa wiki moja bila taa wala simu, wakiwa na jua na moto peke yake. Saa za miili yao zilirudi nyuma kwa takriban saa mbili zikalingana na machweo na mapambazuko, huku kiasi cha mwanga walichopata kwa jumla kikiwa mara nne ya kile cha maisha yao ya mjini. Muda wa usingizi wao, hata hivyo, haukuongezeka. Jaribio hilo, linalonukuliwa kila mara na wanaosifu giza, linathibitisha kinyume cha wanachotaka: kuondolewa kwa taa zote hakukuwapa washiriki usingizi mrefu zaidi, na kilichowapata kwa wingi kuliko kawaida kilikuwa mwanga wa mchana.

Hapo ndipo ushauri wa kweli kwa mtaa kama Jabe ungepaswa kuanzia. Bujumbura ina jua la ikweta, ambalo hata kivulini hutoa maelfu ya luksi, lakini kazi nyingi za mji hufanyika ndani: fundi cherehani aliyejikunyata nyuma ya duka, mwenye duka aliyezungukwa na shehena hadi kwenye dari, karani wa ofisi iliyoshushiwa pazia kuzuia joto, mwanafunzi katika darasa lenye madirisha madogo. Hatua chache kutoka mlangoni, mwanga hushuka hadi luksi mia moja au mia mbili, sawasawa na ule wa balbu ya usiku, na jicho lililokaa humo mchana kutwa halipewi sababu ya kuitofautisha saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Wahadza, kwa mujibu wa vipimo vya Yetish, hupata mwanga mwingi zaidi karibu na saa tatu asubuhi, kisha hukimbilia kivuli jua linapokuwa kali. Hawaukimbii mwanga, wanauchagulia wakati. Kuhamishia cherehani barazani asubuhi, kufungua dirisha, kuwatoa wanafunzi uani kwa somo moja kabla ya joto la adhuhuri, ni mambo yasiyogharimu umeme wala fedha, nayo huupunguzia mwanga wa jioni nguvu yake kuliko mahubiri ya kuzima simu.

Baada ya mwanga kupewa kadiri yake, wezi wengine wa usingizi huonekana bila shida. Wa kwanza ni joto. Mwili hulala joto lake la ndani linaposhuka, na Yetish na wenzake waliona kwamba usingizi wa jamii walizozipima ulifuata kushuka kwa joto la usiku kwa ukaribu kuliko ulivyofuata giza. Bujumbura iko katika uwanda wa Imbo, sehemu yenye joto kuliko zote nchini Burundi, kwa mwinuko usiozidi sana mita 770 kutoka usawa wa bahari. Nyumba ya matofali iliyoezekwa bati, iliyochomwa na jua mchana kutwa, hurudisha joto hilo ndani usiku, na chumba kinacholaliwa na watu wengi hakipoi kabla ya usiku wa manane. Wa pili ni mbu. Malaria ni miongoni mwa magonjwa yanayowasumbua Warundi kuliko yote, na chandarua, ambacho hakuna mwenye busara atakayeshauri kiachwe, huupunguza upepo ule mdogo uliokuwepo, hivyo mlalaji hulazimika kuchagua kati ya kuumwa na kuvuja jasho. Umeme unaoendesha feni humtatulia mtu huyo shida zote mbili kwa pamoja. Giza halimtatulii hata moja.

Wa tatu ni kelele, kwa kuwa Bwiza inajulikana kwa baa na muziki wake wa usiku, na katika ua mmoja wenye familia kadhaa mlango wa jirani ni kama mlango wa ndani. Wa nne ni safari. Uhaba wa petroli ulioiandama Burundi katika miaka ya 2020 umewafanya wafanyakazi wa Bujumbura kusimama foleni ndefu za basi au kutembea kwa miguu, wakitoka alfajiri mapema na kurudi usiku, na kila saa inayoliwa na foleni hukatwa kwenye usiku. Wa tano ni wasiwasi: wa kodi ya nyumba, wa bei ya chakula, wa mgonjwa, na wa usalama katika mji ambao ulipitia vita vya wenyewe kwa wenyewe na machafuko ya mwaka 2015. Hakuna hata mmoja kati ya hao watano anayekomeshwa kwa kuzima taa, na huyo wa mwisho huzidi nguvu gizani, kwa sababu ua wenye choo cha nje usio na taa ni mahali pa hofu kwa mwanamke na kwa mtoto.

Lipo kundi ambalo mwanga wa usiku hulidhuru kweli, nalo ndilo linalosahauliwa na wanaohubiri juu ya simu. Ndagala wauzwao Jabe huvuliwa usiku: wavuvi wa Ziwa Tanganyika huning'iniza taa juu ya maji, zamani mioto ya kuni, baadaye karabai, sasa taa za LED za betri, ili kuwavuta wadudu wadogo wa majini na samaki wanaowafuata, kisha hupumzika mwezi unapokuwa mpevu kwa sababu mbalamwezi huzishinda taa zao. Mvuvi huyo hufuata mzunguko wa mwezi kwa uaminifu kuliko mtu yeyote wa mjini, na bado mwili wake hulipa gharama, kwa kuwa hufanya kazi wakati saa yake ya ndani inapomtaka alale na hulala wakati jua linapomtaka awe macho. Wako pamoja naye mlinzi wa lango, muuguzi wa zamu ya usiku na mwoka mikate. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo huenda husababisha saratani, na mwaka 2019 likauthibitisha uamuzi huo. Watu hao hawahitaji kuambiwa wazime taa, kwani taa ndiyo riziki yao. Wanahitaji zamu zisizobadilishwabadilishwa ovyo, chumba chenye giza na utulivu cha kulala mchana, na jamii inayoheshimu usingizi huo jinsi inavyoheshimu wa usiku.

Ibada nayo inatoa ushahidi wa jambo hilo hilo. Katika mwezi wa Ramadhani, Waislamu wa Jabe na Buyenzi husogeza mlo, sala na maongezi hadi usiku, huamka kula daku, na usingizi wao hugawanyika. Wengi huufidia kwa kailula, usingizi mfupi wa mchana. Kinachousogeza usingizi hapo ni mpangilio wa mlo na ibada, ambao jamii nzima imekubaliana nao, na kinachouokoa ni kwamba mpangilio huo umeacha nafasi ya kufidia. Mji unaowataka watu wake wakeshe kwa kazi na kuamka kwa foleni haujaacha nafasi hiyo, na ungebaki hivyo hata kama kila balbu ingezimwa saa mbili usiku.

Sifa za giza zina madhara zaidi ya kukosea kisayansi. Zinapomfikia mtu ambaye umeme hukatika kwake bila kutaka, humgeuzia upungufu kuwa fadhila na kuwapunguzia wahusika deni lao. Mtoto anayesomea mtihani kwa kibatari huvuta moshi wa mafuta ya taa na huchosha macho bila kupata usingizi wa ziada. Mkunga anayezalisha kwa tochi ya simu hafaidiki na melatonini. Burundi ina kituo cha umeme wa jua cha Mubuga kilichoanza kazi mwaka 2021, na inagawana na Rwanda na Tanzania umeme wa maporomoko ya Rusumo, mradi wa megawati 80. Juhudi hizo zinastahili kudaiwa matunda yake bila kuambiwa kwamba usiku wenye taa ni ugonjwa. Swali linalofaa kuulizwa umeme unapoongezeka ni la namna ya kuangaza: taa za barabarani zenye rangi ya joto zinazoelekezwa chini badala ya zile nyeupe zinazopenya madirishani, balbu hafifu ya manjano chumbani badala ya ile nyeupe kali inayochaguliwa kwa sababu tu ni rahisi, na shule, karakana na ofisi zinazojengwa kwa madirisha yanayoingiza mchana.

Hukumu, basi, ni hii. Mwanga ni kirekebishi cha saa ya mwili, na kirekebishi hufaa kinapotumiwa kwa wakati wake: kwa wingi asubuhi, kwa kiasi jioni, kwa uchache chumbani. Anayependa kupunguza mwanga wa simu yake kabla ya kulala afanye hivyo, kwa kuwa hapotezi kitu na huenda akafaidika, hasa akiwa miongoni mwa wale ambao macho yao huathirika upesi. Lakini asiambiwe kwamba wazee wake walilala saa tisa, kwa sababu waliopimwa hawakulala hivyo; wala asiambiwe kwamba kukatika kwa umeme ni baraka, kwa sababu kunamwachia joto, mbu na hofu. Mwenye kuutakia mtaa wa Jabe usingizi mwema na auanzie mchana, kwa kuwatoa watu kwenye mwanga wa jua, kisha adai mambo manne kwa wenye mamlaka: umeme usiokatika, usafiri usiokula alfajiri, utulivu baada ya saa nne usiku, na zamu za usiku zenye kuheshimu mwili wa mfanyakazi.